Taa ya Injini na Mama Mkwe Kiti cha Nyuma

Tangu nirudi, kila rafiki anayepita dukani kwangu ananiuliza swali lile lile: imekuwaje, Idrisa, mtu atoke Kisii asubuhi kwenda Gesima, mahali pa kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri, halafu arudi jioni bila hata kuiona hiyo Gesima? Wengine wameshasikia vipande na kuviunga wanavyotaka wenyewe. Juzi nimeambiwa eti gari langu lilinyweshwa mkojo. Basi naandika yote tangu mwanzo, na anayetaka kucheka acheke akijua anachocheka.

Pikapu yangu mnaijua, ile ya kijivu yenye milango minne, ya miaka ya juzijuzi. Niliinunua kubebea magodoro na mapazia, lakini naipenda kuliko mtu anavyopaswa kupenda chuma. Tena mimi ni mtu wa kujiamini kwenye magari. Gari likikohoa, mimi hujua linaumwa nini kabla fundi hajanawa mikono. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisifu mpaka Ijumaa ile, na kusema kweli bado najisifu, ila kwa sauti ndogo.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mkwe wangu wa Nyacheki, mama yake mke wangu Kemunto. Dada yake mkubwa, aliyeolewa Gesima, alikuwa anahamia Marekani kwa mwanawe kulea wajukuu. Wote wawili ni wazee. Anayekwenda hakuwa na hakika ya kurudi, na anayebaki hana njia ya kumfuata. Gari la kumchukua dada lingetoka Gesima saa nane mchana, wawahi kulala Narok kwa jamaa kabla jua halijazama na Sabato kuingia, kisha Jumapili ndege. Mama mkwe alitaka jambo moja tu, amwone dada yake uso kwa uso kabla hajaondoka. Nilimwambia Kemunto, "Mwambie mama asiwe na wasiwasi. Atafika."

Kwa wale wenu mliokuja mji huu kwa kazi, lazima niwaeleze chinsoni, maana bila hiyo hamtaelewa chochote. Ni heshima ya wakwe. Mimi na mama mkwe hatupeani mkono, hatuketi pamoja, hatutazamani usoni, na maneno yetu yote hupitia kwa Kemunto. Sisi ni Waislamu wa mjini, damu yetu mchanganyiko wa kila aliyewahi kufungua duka Kisii, lakini bibi yangu alikuwa Mgusii na chinsoni alinifundisha kwa fimbo. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kusemeshwa na mama mkwe moja kwa moja. Msidhani ni chuki. Kila nikitoka kwake nakuta garini mayai, ndizi au unga wa wimbi, na hakuna anayekiri kuviweka.

Kisii hadi Nyacheki

Tuliondoka mapema, mimi nikiwa na kanzu yangu nyeupe kwa sababu ya sala ya Ijumaa, Kemunto akiwa na keki ya kumpelekea shangazi... samahani, mama yake mkubwa. Mwenyewe amenisahihisha hapa ninapoandika. Kabla ya Nyamache taa ndogo ikawaka kwenye dashibodi, na maandishi kwamba dawa ya moshi inakaribia kuisha.

Pikapu hizi mpya za dizeli zina tangi la pili, dogo, lenye kifuniko cha buluu kando ya mdomo wa mafuta. Humo hutiwa maji fulani ya kusafisha moshi usitoke mchafu. Madereva wa malori huyaita dawa ya moshi, nami nafuata wao. Sikushtuka hata kidogo. Keroka kuna malori mengi na dawa inauzwa, kwa hiyo nikapanga kununua tukifika huko.

Nyacheki tulipokelewa na shemeji yangu Ombati, ambaye akiona gari huacha hata kuchuma chai. Akauliza ile taa ni ya nini. Nikafungua kidirisha cha mafuta, nikamwonyesha kifuniko cha buluu, nikamhutubia kama mwalimu mbele ya darasa.

"Na hiyo dawa ni kitu gani?" akauliza Ombati.

"Hakuna maajabu," nikasema kwa sauti ya mtu anayejua. "Ni yurea na maji, basi."

Mlango wa jiko ulikuwa wazi kidogo, moshi ukitoka. Mama mkwe alikuwa mle ndani, kwa kuwa hatoki mimi nikiwa uani.

Nilitaka tuondoke papo hapo, lakini kulikuwa na suala la kuku. Wakwe zangu ni Wasabato, nao kwa kuniheshimu hawanichinjii. Hunitunzia kuku hai nimchinje mwenyewe, nisije nikala kwa mashaka. Ni heshima kubwa, na huwezi kuikataa ukabaki na mke. Kuku wa siku hiyo alikuwa na miguu ya mkimbiaji. Mimi na Ombati tulimfukuza kwenye migomba nyuma ya nyumba, kanzu nimeikunja hadi magotini, mpaka tukamkuta amejibana kwenye mtaro wa chai. Akachinjwa, akanyonyolewa, akapikwa. Ukaletwa ugali wa wimbi, mweusi na mzito, na mboga ya chinsaga yenye uchungu wake mzuri. Nilikula vizuri sana, lazima niseme, huku moyo ukiangalia saa.

Nyacheki hadi Kisii

Mzigo wa zawadi ulijaa nyuma, na mkungu mmoja wa ndizi mbivu, usije ukapondeka, ukapewa kiti cha mbele. Nilikwenda kusimama mbali, nikiitazama migomba, mama mkwe akapanda kiti cha nyuma upande wa pili wa dereva. Kemunto akaketi naye, asiachwe peke yake na mkwe. Nilipowasha, gari likaanza kulia ting ting ting. Lilidhani ndizi ni abiria asiyefunga mkanda. Ikabidi nishuke nizifunge, na ndivyo tulivyosafiri siku ile, ndizi zikiwa mbele na wenye safari nyuma.

Kisha nikaona jambo la kupendeza. Ile taa ya dawa ilikuwa imezimika.

"Unaona?" nikamwambia Kemunto. "Gari jipya hilo. Lilikuwa limepaki kwenye mteremko tu, dawa ikakaa upande mmoja. Kifaa kimejisahihisha chenyewe."

Nyuma nikasikia mama mkwe akicheka kidogo ndani ya leso yake. Nilidhani anafurahia safari.

Tulipoupanda mlima wa Nyamache, taa nyingine ikawaka, ya njano, yenye mchoro wa injini. Hiyo ndiyo taa ambayo kila mwenye gari huiogopa, kwa sababu inaweza kumaanisha kifuniko kimelegea au injini inakufa, na haisemi ni lipi. Gari lilivuta kama kawaida. Sikusikia mlio wala kunusa harufu. Nikafikiri kwa utulivu, mtu wa kujiamini, nikapata jibu kabla hatujafika lami nzuri: maji. Siku iliyotangulia nililipeleka kuoshwa lote, lipendeze mbele ya wakwe. Maji yameingia kwenye nyaya. Kesi imekwisha.

Mjini Kisii nikaenda moja kwa moja kwa Mogaka, anayeosha magari kule chini mtoni.

"Mogaka, umenyunyizia injini yangu maji!"

"Boss, mimi?" Aliweka ndoo chini. "Injini nilipangusa na kitambaa tu. Si wewe mwenyewe uliniambia maji nisiweke?"

Nilimwambia, ni kweli. Lakini nilikuwa nimeshaamua, na mtu aliyeamua hasumbuliwi na ukweli mdogo kama huo. Mwendesha bodaboda aliyekuwa akingoja pikipiki yake ioshwe akaingilia.

"Mzee, hiyo ni kitu ndogo. Toa waya ya betri, ngoja kidogo, rudisha. Hizi gari za siku hizi ziko kama simu, zikichizi unazima tu."

Tukatoa waya wa betri, tukangoja, tukarudisha. Taa ikazimika. Niligonganisha ngumi na yule kijana kumshukuru, nikamtazama Mogaka kwa jicho la onyo, tukaondoka. Hatujamaliza kupita soko taa ikarudi, safari hii na maandishi marefu chini yake.

"Soma," nikamwambia Kemunto.

Kemunto akainama katikati ya viti. "Inasema injini haitawaka tena..."

"Basi, basi! Sizimi." Sikungoja mwisho wa sentensi.

Kisii hadi Keroka bila kuzima

Barabara ya Keroka siku hiyo ilikuwa na malori mawili yanayofuatana kama ndugu, na kila mlima nilikuwa nyuma yao. Nilishika usukani kwa mikono miwili. Kichwani nilikuwa na wazo moja, gari hili likizima kabla ya Keroka, mama mkwe hamwoni dada yake.

Tukikaribia Keumbu, Kemunto akasema, "Tusimame ninunue parachichi."

"Parachichi za nini? Hapa mbele kuna ndizi za kulisha shule."

Mbele kidogo akasema tena, "Idrisa, nataka parachichi."

"Gesima wana parachichi mpaka ng'ombe wanakula."

Mara ya tatu alinifinya bega kwa kucha, na hapo ndipo akili ikanirudia. Mama alihitaji kwenda msalani, na hakuna duniani namna ambayo mkwe angeambiwa hivyo. Nikasimama. Nikaiacha injini ikinguruma, nikashuka na kujifanya nakagua magurudumu ya upande usio wao, moja baada ya jingine, kwa makini ya ajabu. Mama mmoja muuza ndizi akanipigia kelele, "Baba, zima hiyo gari, inamaliza mafuta!" Nikamwambia ikizimwa haitawaka. "Ndiyo uliinunua hivyo?" akauliza, na wenzake wakacheka mpaka mmoja akaangusha kikapu. Kemunto alirudi na mama yake na parachichi mbili, za ushahidi. Tukaendelea kupitia Ichuni.

Keroka

Keroka ni mji wa malori, na penye malori pana mafundi. Nilielekezwa kwa Nyaboke, ambaye uwanja wake uko nyuma ya mahali malori yanapolala. Ni mwanamke mpana wa umri wangu, mwenye ovaroli ya bluu na mashine ya kusoma kompyuta za magari aliyoivaa shingoni kwa kamba. Hana unyenyekevu hata chembe, nikampenda mara moja.

"Zima," akasema.

"Siwezi. Gari limesema halitawaka tena."

Akachungulia dashibodi. "Soma yote, mzee. Imesema haitawaka tena *baada ya* kilomita hizi zote hapa. Ungezima tangu Kisii, ungelala, ungeamka, na bado ingewaka. Zima tupumue."

Nikazima. Nyuma yangu Kemunto alisema kwamba yeye alitaka kunisomea mpaka mwisho. Hilo sitalijadili hapa.

Nyaboke akachomeka waya chini ya usukani, akabonyeza, akasoma midomo ikicheza. "Injini yako iko sawa kabisa. Nyaboke hadanganywi na taa. Shida ni ile dawa ya moshi. Kompyuta inasema kitu iko kwa tangi si dawa. Nani aliweka?"

"Hakuna aliyeweka. Asubuhi ilikuwa inaisha."

"Sasa iko *full*."

Akafungua kifuniko cha buluu, akaingiza mpira mwembamba, akavuta kidogo kwenye chupa tupu ya maji. Dawa ya kweli ni safi, unaona upande wa pili. Hii ilikuwa na ukungu, na chini ya chupa zikatulia chembe ndogo za kijivu.

Sikuhitaji kufikiri. Nikampigia Mogaka pale pale katikati ya uwanja. Nikamwambia ametia maji ya sabuni kwenye tangi langu. Nikamwambia kabla ya magharibi kila mfanyabiashara wa Kisii atajua yeye ni mtu wa namna gani, na tuone nani atamletea gari tena. Mogaka akawa anasema, "Boss, nisikilize, boss," nami simsikilizi. Nilikuwa na uhakika, na nilipiga kelele mpaka wapakiaji wa lori la jirani wakaacha kazi.

Mlango wa nyuma wa pikapu ukafunguka. Mama mkwe akashuka, akanipa mgongo, akamvuta Kemunto kando. Alisema maneno machache. Nikamwona Kemunto akiweka mkono mdomoni. Kisha akanijia.

"Kata simu, Idrisa."

"Bado sijamaliza na huyu..."

"Kata. Ni mama." Aliniongoza hatua chache pembeni. "Alikusikia ukimwambia Ombati dawa ni yurea na maji. Alikuwa na yurea iliyobaki ya mahindi. Mlipokuwa mnafukuza kuku akaipima kwa kikombe, akaikoroga na maji ya kisima, akaichuja kwa kitambaa safi, akajaza tangi. Alitaka usihangaike kutafuta. Hakutaka usikie, lakini hawezi kukaa akisikia mtoto wa watu anasingiziwa."

Nyaboke alikuwa karibu, akasikia yote. Alicheka mpaka akashika boneti. "Yurea ya shamba! Hapa huwa wananiletea maji ya bomba, wananiletea dizeli, lakini mbolea ya kukuzia, hii ni ya kwanza. Mama, hiyo ya mfuko iko na uchafu wake na ile kitu wanapakaga isishikane. Ya gari inatengenezwa safi kama dawa ya sindano." Kisha akaona uso wa mama mkwe umefunikwa na leso, akaacha kucheka.

Mimi niliona aibu. Si ya gari, ya makelele yangu. Nilimpigia Mogaka tena, nikamwomba radhi mbele ya wale wale wapakiaji. Akasema, "Sawa, boss. Lakini sasa utaosha hapa mpaka uzeeke."

Tangi lilipaswa kumwagwa lote, kuoshwa kwa maji safi ya betri, kisha kutiwa dawa halisi, ambayo Nyaboke alikuwa nayo. Kazi ya mpaka alasiri. Gesima haikuwa mbali, na kompyuta ingeturuhusu kwenda, lakini Nyaboke alisema kila mwendo ungesukuma chumvi ya ile mbolea ndani ya pampu, nayo ikigandia humo, pampu imekwenda.

Kemunto akaona njia rahisi. Akodi Probox impeleke mama Gesima, mimi nibaki na gari. Akamwendea mama yake. Nikasikia, "Yaya," yaani hapana. Akabembeleza. "Yaya." Akarudi kwangu macho yamemwiva.

"Anasema hawezi. Ameharibu kitu cha mkwe wake, hawezi kukiacha kimefunguliwa hivi uwanjani akaenda kula karamu. Anasema atakaa hapa mpaka kipone. Bora amkose dada yake."

Nikamwambia basi tupande sote twende na pikapu, pampu ikitaka kufa ife. Ujumbe ukapelekwa. Jibu likawa baya zaidi: mama mkwe akaketi juu ya tairi kuukuu, karibu na gurudumu la nyuma, kama anayelilinda gari nisiliondoe. Saa zilikuwa zinakwenda. Kemunto alikwenda na kurudi baina yetu mpaka sauti ikamkauka, na kila ujumbe ulifika umepungua kitu.

Hapo nilichoka. Nikaenda mbele ya pikapu, nikampa mama mkwe mgongo kama inavyotakiwa, nikaweka mikono kwenye boneti na kuisemesha pikapu kwa Ekegusii changu cha mjini.

"Sikiliza wewe. Leo umelishwa na mtu aliyekupimia kwa kikombe na kukuchujia kwa kitambaa safi. Mimi mwenyewe sijawahi kukuchujia kitu. Fundi atakuosha na jioni utakuwa mzima. Mimi sina kinyongo hata kidogo. Ninachoogopa ni kwamba kuna mtu Gesima anaondoka saa nane, na huyo hatuna fundi wa kumrudisha."

Nyaboke aliacha kufungua skrubu. Kemunto alinitazama kama nimepatwa na jua. Kisha kutoka nyuma, chini, usawa wa gurudumu, ikaja sauti ambayo kwa miaka yote nilikuwa nimeisikia kupitia milango tu.

"Wewe gari, mwambie anayekuendesha kwamba nimesikia. Lakini mimi ni mdogo. Mdogo ndiye huenda kwa mkubwa. Najua gari la dada yangu litapita hapa Keroka. Nilijua tangu tuliposimama. Nitamwambiaje ashuke kwenye gereji aje kuniaga mimi, kama mtu anayeita mtoto?"

Nilisimama pale nikijiona mjinga. Barabara ya kutoka Gesima kwenda Narok inapita Keroka, hakuna asiyeijua, na kati yetu wote ni yeye peke yake aliyeikumbuka, akaimeza kwa heshima. Nikamgeukia Kemunto. "Mpigie mama mkubwa. Mweleze yote, hata mbolea."

Kemunto akapiga, akaweka sauti ya nje. Alieleza kwa kirefu. Upande wa pili ukatoka mlio wa kicheko cha mtu mzima kisichojizuia.

"Mwambie huyo mdogo wangu," sauti ikasema, "mimi nilizaliwa kwanza. Mimi ndiye ninayeamua nani anamwendea nani. Akae hapo hapo alipo."

Mama mkwe akaitoa leso usoni. Nami nikaenda msikitini kuswali Ijumaa, nikachelewa kidogo, nikapata nafasi karibu na mlango.

Keroka hadi Gesima

Kipande hiki cha safari nakipa kichwa chake ingawa hatukukisafiri. Gesima ndiyo iliyotujia. Niliporudi kutoka msikitini nilikuta van nyeupe imesimama mbele ya uwanja wa Nyaboke, masanduku yamefungwa juu, na bibi mrefu aliyenyooka anashuka polepole kwa koti zito ambalo mwanawe alikuwa amemtumia kwa ajili ya baridi ya huko. Keroka si joto, lakini jasho lilikuwa linamtoka. Hakukubali kulivua.

Kwanza alilizunguka gari langu. "Ndilo hili lililotiwa mbolea? Mbona halijarefuka?"

Mama mkwe akacheka, na dada yake akacheka, na walipomaliza kucheka walikuwa wameshashikana. Hawakuachiana haraka.

Nyaboke alitoa kiti kirefu kilichong'olewa kwenye lori, akakipangusa, akakitandika gunia safi. Wakaketi hapo, kati ya matairi na makopo ya oili. Kemunto akafungua chombo cha kuku aliyebaki, akaleta ndizi na parachichi. Walikula kwenye sahani moja. Mama mkwe alikuwa akimtolea dada yake mifupa midogo kabla hajampa nyama, ingawa yule ndiye mkubwa. Mimi nilikaa upande wa pili wa pikapu na Nyaboke, nikimshikia tochi mchana kweupe, na sikusikiliza walichozungumza. Nilisikia tu majina, mengi, ya watu waliokwisha kufa na ya mashamba. Nilisikia pia mama mkubwa akisema huko aendako kuna Wagusii wengi, hatakosa wa kumsemesha. Mama mkwe akamwekea kipande kingine cha nyama.

Unga wa wimbi wa zawadi ulikuwa umefungwa mara tatu, mama mkubwa akapike ugali wa kwetu huko. Mjukuu wake wa Gesima aliyekuwa anaendesha van akasema uwanja wa ndege huenda wakauzuia. Mama mkubwa akaukumbatia mfuko kifuani, akasema kwanza wamzuie yeye.

Kisha dereva akatazama jua. Wakasimama, wakainamisha vichwa, mama mkubwa akaomba kwa sauti ya chini, mafundi wa jirani wakazima redio yao bila kuambiwa. Waliposema amina walishikana mikono, wakatazamana. Hakuna aliyelia. Mama mkubwa alimfunga mdogo wake leso vizuri kichwani, akaivuta pembe moja, akapanda gari. Kemunto alipanda nao kuwasindikiza hadi mwisho wa mji, kama tunavyofanya kwa mgeni, arudi kwa miguu.

Mama mkwe alibaki ukingoni mwa barabara mpaka van ilipokata kona. Na alipokuwa hana tena wa kumtazama, akaanza kulia. Alilia amesimama, mikono imening'inia, na watu wa Keroka walikuwa wanapita na toroli na mafungu ya mboga, wengine wakigeuka kuangalia. Kemunto hayupo. Mimi ni mkwe. Siwezi kumshika bega, siwezi kumpangusa machozi, siruhusiwi hata kuyaona.

Nikachukua kigoda cha Nyaboke, nikakiweka nyuma yake, nikaondoka. Nikasikia akiketi. Kisha nikasimama kati yake na barabara, nimempa mgongo, nikashika kanzu yangu kwa pande zote mbili na kuitandaza kadiri ilivyotandazika, wapita njia waone nguo nyeupe na mwanamume mwenye ndevu, wasione kingine. Lori moja lilipiga honi. Sikusogea.

Nyuma uwanjani injini ikanguruma mara moja tu, safi, na Nyaboke akapaza sauti, "Mzee! Taa imezimika! Njoo uone!"

Nikamwinulia mkono angoje.